Hesabu ya Fahali Wawili

Baba alinunua ng'ombe kwa kidole gumba.
Alikididimiza kwenye shina la mkia;
kikizama, alicheka, akatoa noti.
"Huyu ameshiba," alisema, na ukumbi mzima wa mnada wa Chwele
ukaitikia, maana macho hupenda kilichovimba.

Tulipomzika, aliniachia mimi Namarome
bucha ya mlango mmoja hapa Kimilili,
mizani yenye kutu, koti jeupe lisilo jeupe tena,
na deni kwa Wepukhulu dalali,
deni lisilojua kueleza limetoka wapi.

Nikanunua daftari.

Jumanne moja walikuja wawili kwenye kulabu,
kila mmoja kilo mia na sitini,
muhuri wa zambarau pajani,
mapacha wa mizani.
Mwekundu alitoka kwa Wepukhulu, mgongo kama godoro.
Mweusi alishuka kutoka Pokoti kwa miguu,
na hakuna aliyemgombea mnadani.

Kisu kilipoanza kusema, mapacha wakaachana.

Mwekundu nilimvua blanketi juu ya blanketi:
shahamu ya mgongo, shahamu ya kidari,
shahamu iliyozika figo kama yai kwenye pamba.
Ndoo ya kwanza. Ndoo ya pili.
Kilo ishirini na sita zilizolishwa, zikanyweshwa,
zikapanda lori,
nami nikazilipia bei ya sarara.
Mifupa, ishirini na saba.
(Mfupa uliomshinda fisi, mimi naununua kama nyama.)
Nne zikaondoka bila risiti:
matone ya usiku, unga wa msumeno.
Za kufunga kwenye gazeti zikabaki mia na tatu.

Mweusi, mapaja yamejaa hadi chini, karibu na goti.
Mifupa thelathini, sikatai,
ya mtu aliyezoea milima.
Shahamu tisa.
Usiku alikauka kuliko mwenzake,
maana asiye na blanketi huumwa na baridi ya Masaba;
tano zikaenda na upepo.
Mia na kumi na sita.

Kumi na tatu.
Nikaandika, nikafuta, nikaandika.
Kumi na tatu, mara wanyama wawili kwa wiki,
mara miaka kumi na tisa ya kidole gumba.
Hesabu ilifika mahali nikaogopa kuimaliza:
niliona muhula wa tatu wa kidato cha tatu,
mimi nimekaa nyumbani na sare iliyofuliwa,
na karo yangu imeganda kwenye ndoo, nyeupe.

Nilitaka kumkasirikia. Nikanoa kisu badala yake.

Tangu siku hiyo nafungua
kati ya ubavu wa kumi na mbili na wa kumi na tatu.
Pale nyama ina jicho lake,
jekundu, pana au finyu,
na halijui kumsifu mtu.
Nalitazama kabla sijamlaumu yeyote.

Lakini Mama Mulongo akija na sufuria yake
husema, "Tia na mafuta kidogo, mwanangu,
maharagwe hayaivi kwa hesabu."
Natia. Gramu mia, sitazami mizani.
Zilizobaki huchukuliwa na Nasambu wa sabuni
kwa bei ambayo sitaiandika hapa.

Juzi Chwele palikuwa na matope.
Nilimpita mnene aliyeng'aa kama kiatu cha askofu,
nikasimama kwa mmoja wa kijivu, mabega makubwa, tumbo dogo.
Nikaweka kiganja ubavuni:
ngozi, kisha kitu kidogo laini, kisha mfupa.
"Huyo ni wa jembe, dada!" Wepukhulu akapiga kelele,
na watu wakacheka, hata mvulana wa fimbo.

Kidole gumba changu ni cha baba,
kifupi, kipana, ukucha umepasuka palepale.
Bado kinatamani kuzama.
Nilikikunja ndani ya ngumi,
nikatoa noti kwa mkono mwingine.